Jina Lililoitwa Ghalani

"Zima!"

Mwanamume aliyesimama mbele ya projekta hakupaza sauti mara ya pili. Hakuwa na haja. Uso wa mkewe, mkubwa kama mlango, ulikuwa umemwangukia kifuani, na mdomo wa mwanamke yule ulifunguka na kufumbika juu ya vifungo vya shati lake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, habari ni fupi. Zamda, mpiga picha za harusi wa Bariadi mjini, amemaliza miaka miwili na nguvu zake zote akitengeneza muvi ya kutisha iitwayo *Waliobaki na Vumbi*. Ni habari ya dunia iliyokwisha. Mvua imekoma, watu wamekufa, na waliokufa wanarudi kuwawinda wachache waliobaki ili wawanyang'anye maji. Mchana ule alikuwa akiionyesha kwa mara ya kwanza katika kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea video mtaani Somanda, mbele ya majirani, na mbele ya Mudathiri, mnunuzi wa filamu aliyetoka Dar es Salaam. Pale hasa muvi ilipoanza kuwashika watu, mwigizaji mkuu Klementina akimwita mwanawe ghalani, mtu huyu, Boniventura, mumewe, akasimama na kutamka maneno yaliyomkata Zamda maini: "Mke wangu hapo haigizi."

Zamda akabonyeza. Uso ukapotea. Banda likabaki na giza, joto na harufu ya jasho, maana madirisha yalikuwa yamezibwa kwa maturubai kuzuia jua la saa nane.

"Baba Kulwa," akasema kwa upole, "keti kwanza. Tutazungumza."

"Nimeketi miaka miwili, dada. Leo nimechoka kuketi." Boniventura akajifuta uso kwa kiganja. "Niambie kitu kimoja. Katika maneno mliyoandika, huyo mtoto anayeitwa mle ghalani ana jina?"

Zamda akafikiri. "Hana. Tuliandika 'mwanangu' tu."

"Sasa mbona anaita Doto?"

Nyuma ya banda mtu akasema, "Mungu wangu." Zamda akahisi benchi linazama chini yake. Alimfahamu Klementina kama Mama Kulwa, muuza samaki pale sokoni. Na nani Usukumani asiyejua? Palipo na Kulwa, pana Doto. Yeye hakuwahi kuuliza.

"Doto ni mwanangu," akasema Boniventura, sasa akiongea na banda zima. "Pacha wa Kulwa. Ziwa lilimchukua kule Lamadi, akisuuza samaki na mama yake. Tulimzika, mke wangu hakutoa chozi. Kulwa tukampeleka kwa mama yangu Ipililo, maana kila tulipomtazama mmoja tuliona wawili. Tukahamia hapa Bariadi. Chozi hakuna. Nalala naye kitanda kimoja, nasubiri alie ili na mimi nipate kulia. Leo naambiwa njoo utazame mazombi, nakuta kumbe alishalia. Amewalilia nyinyi na kamera yenu."

Akaweka mkono juu ya projekta.

"Hicho kipande kitoke," akasema. "Kisipotoka, hii projekta mtaiokota barabarani."

Mudathiri akamgusa Zamda begani, akamwashiria nje.

Mwanga wa nje uliwapiga usoni kama kofi. Bodaboda zilipita kuelekea hospitali zikiacha vumbi. Mudathiri, mtu mnene mwenye macho mekundu ya kukesha, akaegemea ukuta wa duka la vocha.

"Dada, nikuambie ukweli au nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Ukweli. Sina nguvu ya kingine."

"Mazombi yako hayafai. Unga wa sembe unaonekana ni unga wa sembe. Mmoja ana saa mkononi. Ameshakufa, anawahi wapi? Dunia imekwisha, hakuna mtu, halafu bodaboda inapita kule nyuma na muziki juu. Upepo umeingia kwenye maiki mpaka nusu ya maneno sikuyapata. Na ile damu..."

"Ni juisi ya rosela."

"Inaonekana. Watu walicheka. Umesikia?"

Alikuwa amesikia kila kicheko, na kila kimoja alikijua kilikotoka. Walipocheka saa, alikumbuka jua lilivyokuwa linazama na vijana wanataka kurudi kijiweni, akasema basi, hivyo hivyo. Walipocheka damu, alikumbuka ndoo ya rosela iliyojaa nzi. Muvi nzima ilikuwa imeshonwa kwa "basi, hivyo hivyo".

"Sasa geuza upande wa pili," Mudathiri akaendelea. "Yale mashamba baada ya pamba kung'olewa, ile ardhi tupu mpaka macho yanauma, hakuna tajiri wa Dar anayeweza kuitengeneza. Ukimya wa lile ghala pia. Na yule mama! Mimi kazi yangu ni kutazama muvi kutwa kucha. Siku hizi natazama lakini sioni. Yule mama alipoita, nikajikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kipande kile ndicho muvi yako. Mengine yote ni njia ya kukifikia. Kikitoka, narudi zangu na basi. Kikibaki, naichukua. Ila nataka nimsikie mama mwenyewe kwa kinywa chake akisema ameridhia. Sitaki lawama za msiba wa watu."

Zamda akaitikia kwa kichwa. Alitamani kulala, wala si usingizi wa usiku mmoja. Alitamani alale mpaka harusi zote za Simiyu zipite, aamke asikute kamera chumbani.

Mpiga picha wake, Mabula, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Twende wote kwa Mama Kulwa," Zamda akamwambia.

"Mimi nabaki nilinde vyombo." Alijibu upesi kuliko kawaida yake, lakini Zamda hakuwa na nguvu ya kushangaa.

Akaenda sokoni kwa miguu, Boniventura akimfuata nyuma hatua kadhaa, kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyempenda.

Klementina alikuwa mezani pake, nyuma ya kayabo, wale sangara wa chumvi waliokaushwa, na mafungu ya dagaa. Alialikwa kwenye onyesho akakataa. Alipomwona mumewe nyuma ya Zamda, mkono wake wa kupungia nzi ukasimama hewani.

"Mwadila, dada Zamda," akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mama Kulwa. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Mmemaliza kuitazama?"

Boniventura akapita mbele. "Umemwita mtoto."

"Nimemwita."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Hawa walikudanganya. Walikuchokoza mpaka ukasahau uko wapi."

"Baba Kulwa, mimi sikusahau." Sauti ya Klementina ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyeyabeba maneno siku nyingi mpaka yamelainika. "Nilijua kamera iko wapi na watu wako wapi. Nilimwita kwa akili zangu zote."

"Msibani hukulia!"

"Msibani nilifungua mdomo. Ukanishika mkono. Ukaniambia, 'Nyamaza, Mama Kulwa, utamtia mtoto hofu, watu wanatutazama.' Nikanyamaza. Hukuja kuniambia nifungue lini."

Boniventura akashika ukingo wa meza.

"Kayabo bei gani?" akauliza mama mmoja mwenye kikapu, akiwa hajui amesimama katikati ya nini.

"Chukua huyo, tutaongea kesho," Klementina akamjibu bila kumtazama. Mama akachukua samaki, akawaangalia wote watatu, akaondoka haraka.

"Nilikuwa naogopa," Boniventura akasema hatimaye. Sauti ilikuwa imemshuka. "Niliona ukianza hutamaliza. Nikasema mmoja wetu akianguka, nani atamshika Kulwa? Kisha hata huyo Kulwa tukashindwa kumshika."

"Ndiyo."

"Nilidhani wewe umeshakuwa jiwe."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye jiwe." Klementina akamgeukia Zamda. "Wewe mwenzangu uliniambia nini siku ile? Uliniambia, 'Mama Kulwa, sasa ita.' Basi. Tangu mwanangu aingie ardhini, hakuna mtu aliyewahi kuniambia ita. Nikaona nimepewa ruhusa."

Zamda akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mama Kulwa, mimi sikujua. Ukisema nikitoe kile kipande, nakitoa leo. Mnunuzi ataondoka, na muvi nitaifungia kabatini. Sema tu."

Hapa, msomaji, Zamda alikuwa anasema kweli. Uchovu una siku ambayo humfanya mtu aache kudanganya.

Klementina akapanga upya dagaa ambao hawakuhitaji kupangwa.

"Kibaki," akasema. "Lakini nimesikia vijana wa kijiweni wanasema, nikishaita tu, gizani linatoka zombi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Limepakwa unga?"

"Ndiyo. Ni Mboje wa bodaboda."

"Na watu wanacheka?"

"Wanacheka."

"Basi mwondoe. Sikubali nimwite mwanangu aje Mboje."

Zamda akacheka. Hakukusudia. Kilitoka kicheko cha kifuani, cha mtu ambaye hajacheka tangu masika. Klementina akamtazama kwa hasira, midomo ikamtetema, naye akacheka. Boniventura akageukia pembeni, mabega yakimruka, na haikujulikana mara moja kama anacheka au la, mpaka aliposema kwa sauti iliyopasuka:

"Doto angecheka mpaka aanguke."

Lilikuwa limetoka kinywani mwake jina hilo mbele ya mkewe, mchana kweupe, sokoni. Klementina akaweka mkono wenye magamba ya samaki juu ya mkono wa mumewe. Wateja wawili wakaja, wakaona, wakaenda meza ya jirani.

Baadaye Klementina akafunika samaki kwa gunia, akamwomba jirani amwangalizie, akajifunga kitenge. "Twendeni. Nimwambie huyo wa Dar kwa kinywa changu."

Kibandani watu walikuwa wametawanyika. Mudathiri alimsikiliza Klementina kwa heshima, kofia mkononi. Lakini aliposikia habari ya Mboje, akakunja uso.

"Mama, samahani. Hii ni muvi ya kutisha. Mtu akiita gizani lazima kitu kije. Asipokuja mtu, watazamaji watasema umeme umekatika."

"Asipokuja mtu," akajibu Klementina, "ndiyo yenyewe inayotisha. Muulize aliyewahi kuita."

Mudathiri akavuta kiti, akaketi. "Haya. Nionyesheni. Kisha nitasema."

Zamda akaketi kwenye kompyuta. Boniventura na mkewe wakakaa benchi la mbele. Mabula akasimama nyuma, mikono mifukoni.

Kumwondoa Mboje ilikuwa kazi ndogo. Alikatwa, akapotea na unga wake. Ghala kuukuu la pamba kule Kasoli likabaki tupu, mlango mweusi katikati, nyuzi za pamba zikielea kwenye mwanga. Lakini chini ya picha ngoma za kutisha ziliendelea kupiga.

"Na ngoma zitoke," akasema Zamda.

"Ngoma ziache," Mabula akadakia.

"Kwa nini?"

"Chini yake sauti ni mbovu. Upepo mtupu. Nilisikiliza siku ile ile."

Siku ile Mabula peke yake ndiye aliyekuwa na spika za masikioni. Kamera yeye, sauti yeye, hawakuwa na uwezo wa kuajiri mtu wa pili. Na ngoma zile aliziweka yeye mwenyewe, usiku ule ule, kabla Zamda hajaomba.

"Upepo hauniui," Zamda akasema, akaziondoa.

Klementina wa kwenye ukuta akashika mhimili wa ghala. Akafungua mdomo, akamwita mwanawe kwa Kisukuma.

"Doto! Doto, ng'wanawane! Doto!"

Sauti ikaenda mpaka mwisho wa ghala, ikagonga mabati, ikarudi. Kisha ukimya. Hapo hapo alipokuwa akitoka Mboje, sasa hapakuwa na kitu. Upepo mdogo tu. Mudathiri akashika kiti chake kwa mikono miwili.

Ndani ya ule upepo, mbali, nyuma ya giza, mtoto wa kike akaitika kama aliyeitwa na mama yake.

"Abee, mayu."

Klementina akasimama. Benchi likaanguka.

"Rudisha," akasema Boniventura. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Zamda akarudisha.

*"Abee, mayu."*

"Ni Doto," Klementina akanong'ona. "Baba Kulwa, mwanangu aliniitikia. Nilikuwa nalia, sikumsikia. Aliniitikia!"

"Siyo Doto." Boniventura alimshika mabega. "Nisikilize. Pacha hawa walikuwa na sauti moja. Hata sisi walitupotosha. Huyu ni Kulwa."

"Kulwa yuko Ipililo kwa bibi yake. Kasoli angefikaje?"

"Ndiyo nataka kujua."

Akatoa simu. Ni kweli alikuwa akimpigia mama yake kila Jumapili, akauliza hali, akatuma alichonacho, na kila mara akakata kabla mama hajamtaja mtoto. Sauti ile hakuiweza. Safari hii akaiweka simu kwenye spika, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, shikamoo. Nipe Kulwa niongee naye."

"Marahaba." Upande wa pili kuku walisikika. "Nikupe Kulwa yupi, baba?"

"Kulwa wangu, mama."

"Mbona unanichezea mtu mzima? Kulwa si mlimchukua wenyewe? Wakati wa kung'oa pamba. Nikawa nasema, afadhali, wamepata moyo wa kumlea mwana wao."

"Nani alimchukua, mama?"

"Yule kijana mliyemtuma. Alikuja na pikipiki, ana kamera shingoni. Akasema mama yake anamhitaji kwenye picha. Mtoto alifurahi huyo!"

Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea nyuma ya banda.

Mabula hakukimbia. Alikuwa ameshuka polepole kwenye ukuta mpaka akachutama, mikono kichwani, kama mtu aliyetua mzigo na kuona bado anaubeba.

"Mimi ni mtu wa Lamadi," akasema. "Nilijua habari ya Doto. Muvi yetu haikuwa na zimwi la maana, dada Zamda, wewe mwenyewe unajua. Nikasema, mama huyu akiona sura ya Doto inamtokea gizani, atapiga ukelele ambao hakuna muvi iliyowahi kuupata."

Boniventura akamrukia. Mudathiri na Zamda wakamshika, mmoja kila mkono, na bado aliwaburuza.

"Lakini sikufanya!" Mabula alikuwa analia sasa. "Nilimficha nyuma ya marobota ya pamba. Kabla sijampa ishara, mama akaanza kuita. Mtoto akaitika mwenyewe, sikumfundisha. Nilisikia masikioni mwangu, nikaishiwa nguvu. Nikamziba mdomo. Nikafunika sauti kwa ngoma nisiisikie tena."

"Kulwa yuko wapi?" Klementina hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Alikataa kurudi Ipililo. Alisema mama amemwita Doto, kwa hiyo Doto yupo. Akasema atangoja. Nikamweka kwa shangazi yangu pale Kasoli nikitafuta jinsi ya kuwaambia. Kila siku nilisema kesho."

"Kwa hiyo yuko Kasoli." Boniventura alishageukia mlango. "Twende!"

"Hayupo, baba." Mabula akainua uso. "Shangazi amenipigia leo asubuhi. Ameamka akakuta kitanda kitupu. Jirani alimwona barabarani alfajiri, peke yake, anauliza watu njia ya kwenda ziwani."